Chombo Kilichokataa Kupona

Mwili ulikutwa asubuhi kwenye matope ya ufukwe wa ziwa, umelala chali, tumbo juu. Ulikuwa wa manjano, una mstari mweusi ubavuni, na ulikuwa umejaa maji. Inspekta aliuzunguka taratibu, mikono nyuma, kisha akachuchumaa na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Ukatoa sauti nzito ya debe lililojaa.

"Huyu amekunywa maji mengi, afande," alisema Koplo akifungua kalamu. "Niandike marehemu?"

"Andika pikipiki ya maji. Na utani uache, kuna mtu nusura afe."

Koplo akaandika, huku akijikaza asicheke. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu, na alijua kwamba Inspekta hukemea kwa mdomo tu. Mkuu wake huyo alikuwa mwanamke wa makamo, si mtu wa haraka hata kidogo. Kituoni, akiwa hayupo, walimwita Konokono. Alijua na wala halikumuuma. Konokono hufika, tena hufika akiwa na nyumba yake mgongoni.

Aliyenusurika alikuwa hospitali. Watu wa kivuko walimwopoa jana yake alasiri katikati ya ziwa, akiwa amelikumbatia kasha tupu la samaki kama mtu aliyemkuta ndugu yake. Mtaani walimwita Bosi, kwa sababu alivaa tai hata siku za mapumziko. Pale kitandani hakuwa na tai. Alikuwa na mablanketi mawili na midomo iliyopauka.

"Pikipiki uliichukua wapi?" Inspekta aliuliza.

"Gereji kwa mama. Ilikuwa ya marehemu baba."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anataka kuinunua. Nikasema niijaribu kwanza."

"Mama alijua?"

Bosi aligeukia dirishani. "Alikuwa ametoka. Funguo najua zinapokaa."

"Ikawaje?"

"Ilikwenda vizuri mpaka katikati. Mara nyuma ikawa nzito. Nikasikia maji yanachezacheza tumboni mwake. Injini ikakohoa, ikazima, ikaanza kwenda chini kwa makalio." Alijipangusa uso. "Nina mtoto mchanga, afande. Nilikuwa nazama huku namwita mama. Mtu mzima na ndevu zangu."

"Majini kila mtu ni mtoto," alisema Inspekta. "Jaketi la kujiokolea?"

"Niliona naenda mzunguko mmoja tu."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku. Namjua. Ni yule fundi, Kiraka." Sasa sauti ilimrudia. "Tangu baba afariki, pikipiki hiyo inavuja. Anaitengeneza, inavuja. Anaitengeneza tena, inavuja tena. Fundi gani huyo asiyeponya? Anaitoboa mwenyewe apate sababu ya kuingia pale! Anainyemelea nyumba ya baba yangu, na mama yuko peke yake, hana wa kumlinda."

"Wewe huwa unakwenda lini kumlinda?"

Bosi alikunja pembe ya blanketi, akaikunjua.

"Nataka afungwe," alisema. "Na mama namhamishia kwangu mwezi huu huu. Nyumba iuzwe. Yaishe."

Inspekta alimtazama kidogo, kisha akamvuta blanketi likamfika mabegani. Kijana alikuwa bado anatetemeka.

*

Uani mwa kituo waliiweka pikipiki juu ya vihimili vya mbao, wakamwaga maji yote yaliyokuwa ndani. Koplo alivua koti.

"Anza na vizibo," alisema Inspekta.

Vizibo vya kutolea maji vilikuwa nyuma, viwili, kila upande kimoja. Mtu akisahau kuvikaza, maji huingia bila kubisha hodi, na vyombo vingi huzama kwa uzembe huo tu. Vyote viwili vilikuwa vimekazwa barabara. Wakaangalia sili ya shafti, mpira unaozuia maji pale chuma kinapopenya bodi kwenda kuzungusha propela. Nzima. Wakapapasa mipira yote ya maji, klipu kwa klipu. Mizima.

"Tumegota, afande," alisema Koplo. "Haina pa kuvujia, na imevuja. Hii kesi ya waganga."

"Kwako ndoo ikivuja unafanyaje?"

"Nanunua nyingine."

"Pole yake mkeo. Unaijaza maji, unaifuta nje ikauke, unakaa unaangalia inapolia. Lete mpira wa bustani."

Waliondoa kiti, wakaufungulia mpira ndani ya tumbo la pikipiki. Inspekta akafuta nje kwa taulo mpaka pakawa pakavu kabisa, kisha akavuta stuli, akaketi. Koplo naye akachuchumaa. Maafisa wawili wa polisi wakaitumbulia macho pikipiki ya manjano.

Upande wa kushoto, chini karibu na nyuma, tone likajitokeza. Likajikusanya, likaning'inia, likaanguka. Likafuatwa na lingine.

"Pale!" Koplo alipiga kelele kama aliyeshinda bahati nasibu.

Lilikuwa tundu dogo, la mviringo, halingepitisha punje ya mahindi. Inspekta akaliangalia kwa lenzi, na kadiri alivyoangalia ndivyo alivyozidi kunyamaza. Faibaglasi, iliyounda bodi ile, ni kitu cha hasira. Ukiitoboa ovyo, rangi ya juu hupasuka na kumeguka vipande. Hapa ukingo ulikuwa safi, haukuchubuka hata kidogo. Kuzunguka tundu palikuwa na unato wa gundi, wenye umbo la mraba.

"Kulibandikwa tepu kabla ya kutoboa," alisema. "Ili rangi isiharibike."

"Mtu anataka kuua, anaogopa kuchubua rangi?"

"Hilo ndilo swali, Koplo. Liandike."

Alipitisha kiganja pembeni ya tundu. Macho hayakuona kitu, lakini vidole vilihisi viraka vya zamani, vidogo, vya mviringo, vimepigwa msasa na kupakwa manjano hiyo hiyo kwa uangalifu mkubwa. Vilikaa kwa safu, kimoja baada ya kingine. Pikipiki hii ilikuwa imetobolewa na kuponywa, ikatobolewa na kuponywa, na kila mara kwa mkono wa upole.

Ndani, chini ya tangi la mafuta, kipande cha tepu kilikuwa bado kimebandikwa, na tundu limepita katikati yake. Inspekta alikibandua kwa kibano. Chini yake, palipokuwa pamefunikwa, palikuwa na mistari miwili mifupi ya buluu iliyokatana.

Alama za vidole hazikupatikana, ziwa lilishaziosha. Ile buluu aliikwangua kidogo, akaituma maabara. Mtaalamu wa uchunguzi alipiga simu kabla ya chakula cha mchana.

"Ni nta iliyotiwa rangi, afande. Si wino, wala si rangi ya mafuta. Ndiyo maana haikutoka kwa maji."

"Nani anatumia nta ya buluu?"

"Hapo ndipo kazi yangu inapoishia na yako inapoanza."

*

Mama wa Bosi aliitwa Bi Mshono mtaa mzima. Alikuwa ameshona sare za shule, magauni ya maharusi na mapazia ya nusu ya mji kabla macho hayajaanza kumchosha. Alikuwa amekesha hospitali, amerudi kupika supu ya mgonjwa, na kope zake zilikuwa zimevimba.

"Wamesema ataruhusiwa leo," alisema kabla hajaulizwa. "Nimemwona akipumua. Nimekaa usiku kucha namhesabia pumzi kama alipokuwa mchanga. Ni kifungua mimba wangu, mwanangu. Karibu ndani."

"Asante, mama. Naomba kuona gereji kwanza."

Gereji ilikuwa imefagiliwa ikang'aa. Trela tupu lilikaa katikati. Ukutani, kila kifaa cha marehemu mumewe kilikuwa kwenye msumari wake: bisibisi, msumeno, drili, misasa, tepu. Taa ya mkono yenye waya mrefu ilining'inia kwenye ndoano. Kando ya trela kulikuwa na viti viwili, na kimoja kilikuwa na mto mpya, umeshonwa kwa kitambaa cha maua.

"Huu mto wa nani?"

"Wa fundi. Mgongo unamsumbua, na kazi yake ni ya kuinama."

"Ni fundi mzuri?"

Bi Mshono alifikiri. "Ni fundi mwema."

"Mbona pikipiki haiponi?"

Mwanamke yule aliukung'uta mto vumbi ambalo halikuwapo. Inspekta alisubiri, maana kusubiri ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Vitu vya zamani," alisema Bi Mshono hatimaye, kwa sauti ndogo. Kisha macho yakamshuka mpaka kwenye miguu ya Inspekta, na akapata ahueni. "Hebu ona! Pindo limefumuka. Ofisa mzima unaburura uzi, wahalifu watakuheshimu vipi? Panda kwenye stuli."

"Mama, niko kazini."

"Nami niko kazini. Panda."

Inspekta akapanda. Kuna amri ambazo hata mkuu wa kituo hawezi kuzitoa. Bi Mshono alipiga magoti, akakunja pindo, akapima kwa kidole, akaweka alama, ndipo akachukua sindano. Akakata uzi kwa meno, akampigapiga Inspekta kwenye shavu la mguu kama mtoto anayekwenda shule.

"Haya, nenda. Mwanangu anasubiri supu."

Langoni Inspekta aligeuka. Bi Mshono alikuwa bado amepiga magoti pale pale, peke yake, mkono juu ya kile kiti chenye mto.

*

Kiraka walimkuta chini ya mtumbwi wa mteja, nyusi nyeupe kwa vumbi la msasa. Hakuuliza anapelekwa wapi. Alinawa mikono, akafunika kopo la gundi lisikauke, akapanda gari. Alikuwa mjane kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuwa mume, na alizungumza kama anayeogopa kumaliza maneno.

Kwenye chumba cha mahojiano Inspekta alimwekea picha mbili mezani.

"Unaitambua hii?"

"Pikipiki ya marehemu. Kijana hajambo?"

"Hajambo."

Kiraka alishusha pumzi ndefu sana. "Alhamdulillahi."

"Na hili tundu?"

Alivaa miwani. Aliangalia picha ya kwanza, kisha ile ya tepu. Alipoiangalia ya pili, kitu kilipita usoni mwake, na Inspekta angeapa kwamba hakikuwa hofu. Kilikuwa kama huruma.

"Limetobolewa vizuri," alisema.

"Mjini hapa, nani hubandika tepu ndani na nje kabla ya kutoboa?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hakuna."

"Basi?"

Kiraka alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni taratibu.

"Basi ni mimi, afande. Andika."

Koplo karibu aangushe kalamu. Inspekta hakutikisika.

"Kwa nini?"

"Tamaa."

"Tamaa ya nini?"

"Ya... kazi. Fundi bila kazi hulala njaa."

"Nimeona mtumbwi, nimeona boti tatu zinakungoja nje. Njaa iko wapi?"

"Ndiyo tamaa yenyewe hiyo."

"Ulitaka kijana afe?"

"Hapana!" Hilo lilimtoka kwa nguvu. "Hakuna aliyetaka mtu afe. Hakuna."

"Kabla ya kutoboa uliweka alama?"

"Lazima. Drili huteleza."

"Alama ya nini?"

Kiraka alisita, kidogo tu. "Kalamu ya wino. Nyeusi. Siku zote."

"Mpelekeni mahabusu," alisema Inspekta. "Mpeni kiti chenye mgongo."

Mlango ulipofungwa, Koplo alisugua viganja. "Amekiri mwenyewe, afande! Konoko... kazi imekwisha."

"Imekwisha wapi? Ametoboa kwa tamaa ya kazi, halafu hajui alama ilikuwa ya rangi gani. Huyu anajaribu viatu vya mtu mwingine, na vinambana."

Kofia ya kalamu ya Koplo ilikuwa imedondoka chini. Inspekta akainama kuiokota, na hapo alipoinama, akabaki ameinama.

"Mgongo, afande?" Koplo aliuliza kwa wasiwasi.

Kwenye pindo la suruali yake, juu kidogo ya mshono mpya ulionyooka, palikuwa na mistari miwili mifupi iliyokatana. Ya buluu. Alilowesha kidole mate, akasugua. Haikutoka. Ilikuwa chaki ya mafundi cherehani, ile bapa ya nta, na iliwekwa na mtu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupitisha chuma kwenye kitu chochote kabla ya kukiwekea alama.

Inspekta aliketi. Hakuona furaha aliyozoea kuiona akipata jibu. Aliona magoti ya mama mmoja kwenye sakafu ya gereji. Tepu ilikuwa ya mmoja na chaki ya mwingine, na kati yao wawili, mmoja alishaamua kufungwa.

"Koplo, nenda kwa Bi Mshono. Mwambie Kiraka yuko mahabusu, amekiri."

"Nimlete?"

"Usimlete. Mwambie tu, urudi."

"Halafu?"

"Halafu tuongeze viti."

*

Bi Mshono hakukawia. Alikuja na Bosi aliyekuwa ametoka tu hospitali, shati limekunjamana, amemshika mama yake kiwiko. Bosi ndiye aliyetangulia kusema.

"Mama amekuja kuandikisha maelezo juu ya yule mhalifu."

"Mfungulieni," alisema Bi Mshono. Hata salamu hakutoa. "Mfungulieni, mgongo wake hauwezi sakafu."

"Amekiri kosa, mama," alisema Inspekta kwa upole.

"Amekiri kosa langu. Aliyetoboa ni mimi."

Bosi alicheka cheko moja fupi, lisilo na furaha.

"Afande, usiandike hayo. Mama hajalala tangu jana."

"Nyamaza, baba." Alimwita hivyo kama alivyomwita utotoni, na kijana akanyamaza. Bi Mshono alitoa mfukoni kipande bapa cha chaki ya buluu, akakiweka mezani mbele ya Inspekta. "Nilipokushonea pindo nilijua umeona. Nikasema moyoni, asante Mungu, sitalazimika kusema mwenyewe. Kumbe ulikuwa hujaona."

"Nimechelewa kidogo. Nieleze, mama. Polepole."

"La kwanza lilikuwa la kweli. Marehemu aliigonga kwenye jiwe mwaka ule wa mwisho wake, bodi ikapata ufa. Alipokufa nikasema nitengeneze kitu chake, kisioze. Akaja huyu fundi. Akaniambia, bibie, nishikie taa. Nikamshikia." Alivuta pumzi. "Watu wote walikuwa wananiongelesha kwa kunong'ona. Yeye alinielekeza kazi. Akanionyesha unavyokwangua ufa mpaka upate pagumu, unavyoweka kitambaa cha faibaglasi na kukilowesha gundi, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiwe kitu kimoja na bodi. Nikamwambia, kumbe hii nayo ni kushona. Akacheka. Akanifundisha na tepu, ndani na nje, ili rangi isimeguke. Aliongea na mimi kama mtu, si kama mjane."

"Kisha?"

"Kisha ikapona. Akafunga vifaa vyake, akaaga. Nyumba ikanyamaza. Unajua nyumba inavyonyamaza, mwanangu? Nilikuwa nawasha cherehani bila kitambaa, nisikie kitu kinaongea." Machozi yalianza kumtiririka, naye hakuyafuta. "Nikatoboa. Padogo. Nikaweka alama, nikabandika tepu, nikashika drili ya marehemu kwa mikono miwili. Nikampigia simu nikasema inavuja tena. Akaja siku hiyo hiyo."

"Na ukarudia."

"Nikarudia. Kila ikipona. Hili la mwisho nilikuwa bado sijampigia hata simu. Haikuwa inakwenda popote! Inakaa kwenye trela, inajaribiwa kwenye maji ya magotini, inarudi. Nani angeipanda? Aliyekuwa akiipanda amelala kaburini."

Alimgeukia mwanawe. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa akiiogopa kuliko polisi wote wa dunia.

"Sikujua ungekuja, baba. Hukuwa unakuja."

Bosi alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa.

"Nilitaka mtu abishe hodi tu," alisema mama yake. "Nusura nimzike mwanangu. Usiku kucha nimekaa pembeni ya kitanda chako nikitafuta mdomo wa kukwambia, sikuupata. Lakini walipokuja kuniambia mtu wa watu amefungwa kwa ajili yangu, nikaupata."

Inspekta alimwashiria Koplo. Kiraka akaletwa. Alipomwona Bi Mshono, na chaki juu ya meza, mabega yalimshuka.

"Bibie," alisema. "Si ungeniachia tu."

"Fundi, umeidanganya polisi," alisema Inspekta. "Nilikuuliza alama. Ukasema kalamu."

"Ningesema chaki, ungekwenda moja kwa moja kwake."

"Kwa hiyo ulijua kuna chaki."

Kiraka alitazama mikono yake. "Nilijua tangu tundu la pili. Mimi ni fundi, afande. Jiwe halitoboi mviringo. Nilipoangalia ndani nikakuta ile alama ya buluu. Nikaifuta kwa kitambaa chenye petroli asije mwingine akaiona, ndipo nikaanza kazi. Kila mara niliifuta kwanza."

Bi Mshono alishika shavu. Aibu na mshangao vilimpanda kwa pamoja.

"Ulijua! Muda wote huo ulijua, unainama na mgongo wako mbovu, unapiga msasa, unapaka rangi, na unajua! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesema," alisema Kiraka, "ungeacha."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. Inspekta alimtupia jicho, akaikuta kalamu imeshikwa juu juu na macho yamelowa, akamwacha.

"Kosa langu lipo," Kiraka aliendelea, sasa akimtazama Bosi usoni. "Chombo hakiachwi na tundu, hata kama hakipandwi. Nilipaswa kulijua hilo kuliko yeye. Nisamehe, kijana. Ukitaka nifungwe, ni haki yako."

Wote walimgeukia Bosi. Yeye hakumwangalia fundi. Alimwangalia mama.

"Nilipokuwa nazama nilikuita wewe," alisema. "Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuita nikiwa nchi kavu."

Bi Mshono alimvuta kichwa akakiegemeza tumboni mwake, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya askari.

Inspekta alikohoa, kwa kuwa mtu mmoja lazima awe serikali.

"Tuzungumze sheria. Pikipiki ni ya nani?"

"Yangu," alisema Bi Mshono. "Kwa mirathi."

"Mtu akitoboa mali yake ndani ya gereji yake, huo ni wendawazimu wake, si jinai. Ila umehatarisha uhai, mama, na hilo nitakuandikia onyo. Usiguse drili tena. Fundi, wewe umemdanganya ofisa wa polisi, na tena umedanganya vibaya. Onyo. Sasa, aliyechukua chombo cha mtu bila ruhusa ya mwenyewe, akaingia nacho ziwani bila jaketi, huyo ndiye mwenye kesi."

"Nimwandike, afande?" Koplo aliuliza kwa hamu.

"Nafuta malalamiko," alisema Bosi, sauti ikitokea kwenye kitenge cha mama yake. "Na nyumba haiuzwi."

*

Uani, Kiraka aliizunguka pikipiki, akaweka kidole gumba juu ya tundu. Bosi alisimama kando yake, mikono mfukoni, hajui pa kuiweka.

"Itapona?"

"Hii? Unakwangua ukingo, tabaka mbili tatu, ikauke, msasa, rangi. Kisha unaijaza maji unaangalia. Alasiri moja."

"Moja tu?" alisema Bi Mshono. Lilimtoka kabla hajalizuia, akageuka kujifanya anatafuta mkoba.

Kiraka alitabasamu chini ya nyusi zake za vumbi. "Nikiharakisha. Na mimi sijawahi kuharakisha."

"Na ikishapona kabisa?" Sasa alimkabili. "Drili nimekatazwa. Nitakuita kwa lipi?"

"Nipigie simu."

"Nikupigie niseme nini kimeharibika?"

"Sema hakuna kilichoharibika," alisema Kiraka. "Nitakuja."

Bosi alienda kuleta gari la kuivuta pikipiki nyumbani. Koplo akasogea kwa Inspekta na jalada mkononi, akiionyesha suruali ya mkuu wake kwa kalamu.

"Ile alama, afande. Si ni kielelezo?"

"Kilikuwa," alisema Inspekta. Alilifunga jalada, akatoa simu mfukoni, akatafuta namba ya mama yake.